Meli Zilizopita Singida

Machi 2021 dunia nzima ilikuwa inatazama meli. Ever Given, meli ya makontena yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwenye Mfereji wa Suez tarehe 23, omo imejichimbia ukingo mmoja na tezi imeelemea ukingo wa pili, na kwa siku sita meli nyingine mamia zikapanga foleni kama malori kwenye mizani. Picha iliyozunguka sana kwenye simu ilikuwa ya kijiko kimoja kinachokwangua mchanga mbele ya ukuta wa chuma ambao haukuwa na habari nacho. Singida nasi tuliitania picha ile kama watu wa kwingine, halafu tukaisahau. Kutoka Singida mjini hadi bahari ni karibu kilomita 700. Habari za meli kupita pembamba, watu walisema, hizo ni za watu wa pwani.

Mimi napenda sana kutazama meli kubwa ikipita pembamba. Kila kazi inaponipeleka Dar es Salaam, nikipata saa moja ya bure naenda Magogoni, karibu na soko la samaki, nasubiri. Lango la bandari ya Dar ni jembamba kuliko mgeni anavyotarajia. Meli inatokea upande wa gati taratibu, boti za kuvuta zikiisindikiza, rubani wa bandari yuko juu, pantoni ya Kigamboni imejaa watu na bodaboda inasubiri ipishe. Kwa dakika chache ule mlima wa makontena unapita karibu kiasi kwamba ukitaka unayahesabu. Wauza kahawa hawainui hata kichwa. Mimi nasimama mdomo wazi kama mtoto.

Ukitazama vya kutosha unagundua kwamba tatizo siku zote ni moja, meli kubwa na njia ndogo, na majibu yake ni matatu. La kwanza ni kupanua njia. Ndivyo walivyofanya Suez, na ndivyo ilivyofanyika Dar, ambako mradi ulioanza 2017 umeongeza kina cha gati na lango. La pili ni kusubiri maji: unangoja bamvua, unampa usukani mtu anayejua kila fungu la mchanga, unaingia polepole. La tatu ni lile ambalo hakuna anayelipiga picha. Unaikata meli vipande mpaka kila kipande kitoshe kwenye njia iliyopo, halafu unatafuta watu wa kubeba.

Hilo la tatu ndilo linalotuhusu sisi. Meli zimepita Singida. Hazikupita kwa kuelea, lakini zimepita, na ukifuatilia zilivyopita unajifunza mengi kuhusu mkoa huu na kuhusu nani alilipa gharama ya safari zile.

Maji yasiyofika baharini

Kwa msomaji asiyeujua mkoa wetu, Singida mjini kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya magadi. Hayana mto unaotoka. Sehemu kubwa ya mkoa ni hivyo hivyo, ni bakuli. Mvua inaingia kwenye mito ya msimu, mito inaingia Ziwa Kitangiri na mbuga za Wembere kuelekea Eyasi, au inamwagika upande wa Bahi, na huko jua linamalizia kazi. Wajerumani walipotawala waliwahi hata kupanga kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Wembere wamwagilie pamba. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mpango ukafa.

Upande mmoja una mlango. Kusini mwa Manyoni kuna mto Kisigo. Kisigo unamwaga maji yake Mtera, yanaungana na Ruaha Mkuu, Ruaha unaingia Rufiji, na Rufiji unaingia Bahari ya Hindi kwa matawi mengi yenye mikoko. Huo ndio uzi mwembamba wa maji unaotuunganisha na bahari. Hakuna meli inayoweza kuupanda, lakini naomba uukumbuke. Tutaurudia.

Kwa hiyo huku hatukuwa na mto wa meli. Tulichokuwa nacho ni njia ya mguu. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilikata kusini mwa mkoa wetu kupitia pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Waliliita mkali kwa sababu ya kiu na njaa, na kwa sababu ya vichaka. Ukipita Itigi leo utaviona vichaka hivyo bado, vimesongamana mti kwa mti. Watu walipita pale mmoja nyuma ya mwingine. Njia ya watu wawili sambamba haikuwepo.

Mashua iliyopita kichwani

Chombo cha kwanza ninachokifahamu kupita huku kilikuwa na urefu wa futi 40, kama mita 12. Kiliitwa Lady Alice, na kilijengwa Teddington, kando ya mto Thames, na fundi aitwaye James Messenger. Mwenye chombo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti kama mimi, ingawa tofauti zetu ni nyingi. Alitaka mashua ya kuzungukia maziwa makuu, na alijua kwamba kutoka pwani hadi ziwani hakuna maji ya kuipitisha. Basi akaagiza ijengwe kwa vipande vitano vya kufungana.

Vipande vilipofika Zanzibar vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia za mguu za bara. Ikabidi seremala avipunguze upya. Hapo ndipo unapoliona jibu la tatu likifanya kazi: upana wa njia ya mpagazi ndio ulioamua umbo la mashua.

Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi. Wabebaji wa mashua walichaguliwa wenye miili yenye nguvu kuliko wote, na walilipwa zaidi ya wenzao. Walipofika magharibi ya Ugogo, badala ya kufuata njia kuu ya Unyanyembe, msafara ukakata kaskazini-magharibi kulifuata Ziwa Victoria. Ndivyo ulivyoingia Unyaturu, nchi ambayo Stanley aliiandika kama Ituru, na ambayo leo ni Singida.

Ilikuwa masika. Njaa ilikuwa imewakamata, homa pia. Januari 1875 Mwingereza kijana wa msafara ule, Edward Pocock, alikufa na kuzikwa Unyaturu. Siku chache baadaye, walipokaribia mahali palipoitwa Vinyata, mtu wao mmoja aitwaye Kaif Halleck, mgonjwa aliyebaki nyuma, alikutwa ameuawa. Baada ya hapo pakazuka mapigano ya siku kadhaa kati ya msafara na Wanyaturu. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20. Naye akaamuru vijiji vichomwe na nafaka ichukuliwe.

Habari hizi tunazipata kwenye kitabu chake, Through the Dark Continent, kilichotoka 1878. Ni kitabu cha mshindi, na ndivyo kinavyopaswa kusomwa. Lakini jaribu kukaa upande wa pili. Wewe ni Mnyaturu, umelima mtama wako, umelinda ng'ombe wako. Unaona mamia ya wageni wenye bunduki wakitokea porini, wana njaa, na katikati yao wanaume wamebeba mbao kubwa zilizopinda ambazo hazifanani na nyumba, wala mlango, wala mzinga wa nyuki. Hakuna maji ya kuelea siku nyingi za mwendo kila upande. Ungeambiwa ile ni mashua ungeamini? Na ungekuwa na sababu gani ya kuamini kwamba watu hawa wanapita tu?

Mashua ilifika Kagehyi, kusini mwa Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari 1875. Ikaunganishwa, ikalizunguka ziwa zima. Baadaye ikabebwa tena hadi Ziwa Tanganyika, halafu mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya maporomoko ya Isangila, imechakaa.

Kuna jambo moja la kumtendea haki Stanley, pamoja na mabaya yake yote. Aliandika majina. Tunamjua Kaif Halleck kwa sababu yake. Tunamjua Uledi, nahodha wa mashua ile, ambaye aliokoa wenzake wengi kwenye maji ya Kongo. Likumbuke hilo pia, maana msafara uliofuata ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi, na majina yakawa machache zaidi.

Meli ya mita 10 kwenye njia ya mita moja

Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani kuna mji mdogo unaoitwa Papenburg. Uko bara, kando ya mto Ems, mto ambao ni mwembamba kiasi cha kukushangaza ukiambiwa kinachopita pale. Karakana ya Meyer imekuwa ikijenga meli hapo tangu 1795, na siku hizi inajenga meli za watalii zenye ghorofa kama hoteli. Meli ikikamilika inavutwa mtoni kinyumenyume, tezi mbele, usiku au alfajiri. Karibu na mdomo wa mto kuna kizuizi kilichokamilika 2002, pale Gandersum, ambacho hufungwa ili maji yajae meli ipite. Maelfu ya watu husimama kwenye tuta za mto kutazama, wengine na viti vyao. Ukitazama video zake unaona meli inapita juu ya malisho ya ng'ombe. Hilo ni jibu la pili katika ubora wake: subiri maji, au yajaze mwenyewe.

Karakana hiyo hiyo, mwaka 1913, ilijenga meli ambayo jibu la pili lisingeisaidia. Serikali ya Kijerumani ilitaka meli ya Ziwa Tanganyika. Basi mafundi wakaijenga Papenburg, wakaiunganisha kwa bolti, wakahakikisha kila kitu kimekaa sawa, halafu wakaifumua yote. Ikafungwa kwenye masanduku 5,000. Masanduku yakapelekwa Hamburg, yakapakiwa kwenye meli nyingine, yakashushwa Dar es Salaam. Mafundi watatu walisafiri nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Meli ikaitwa Graf von Goetzen.

Sasa njoo kwenye reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Ni safari ya kilomita 1,250 hivi. Kati ya Dodoma na Tabora inapita kwetu: Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni, Aghondi, Itigi. Inatoka kwenye tambarare za Bahi, inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona na kona, inatokea Manyoni, halafu inaingia kwenye vile vichaka vya Mgunda Mkali.

Upana wa reli ile ni mita moja. Upana wa Graf von Goetzen ni mita 10, na urefu wake unafika mita 70. Meli ya mita 10 imepita kwenye njia ya mita moja, na sehemu ya njia hiyo iko ndani ya mkoa wangu. Kila ninapopita stesheni ya Manyoni nakumbuka hilo. Siku moja nikiwa nasubiri pale nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa anauza asali, nikamsalimia, tukaanza kupiga soga za reli. Babu yake alikuwa gengi, wale watu wa kutengeneza njia. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa imewahi kupita meli."

Akanitazama. "Meli ipi, mwanangu? Hapa?"

Nikamweleza masanduku 5,000, Kigoma, Wajerumani. Akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote: "Na nani alikuwa anayashusha?"

Ni swali sahihi. Njia nyingine za meli huchongwa na maji kwa miaka maelfu, au kwa kijiko. Njia hii ilichongwa na mikono. Reli ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann kwa fedha za benki za Ujerumani, lakini tuta la udongo, mataruma na vyuma viliwekwa na vibarua Waafrika. Wengi walikwenda kazini kwa sababu tangu 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, na kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye kazi za Mzungu. Kule Kigoma meli iliunganishwa upya na mafundi wa Kihindi na mamia ya vibarua Waafrika, ribiti moja baada ya nyingine, kando ya ziwa ambalo halikuwa na karakana ya maana. Februari 1915 ikashushwa majini. Juni ikaanza kazi.

Majina ya Rüter, Tellmann na Wendt nimeyaandika hapo juu kwa sababu yapo kwenye kila simulizi ya meli ile. Katika simulizi hizo zote nilizosoma, wale mamia wanaitwa "vibarua". Mwaka 1875 mpagazi wa Stanley alikuwa na jina. Mwaka 1914 mbebaji wa sanduku alikuwa idadi.

Mzinga wa Rufiji

Sasa turudi kwenye ule mto niliokuomba uukumbuke.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliogopa Waingereza wasiingie bandari ya Dar es Salaam, wakazamisha gati lao linaloelea pale langoni, kwenye wembamba ule ule ninaokwenda kuutazama mimi. Waliuziba mlango wao wenyewe. Manowari yao kubwa iliyokuwa huku, Königsberg, ikawa haina pa kurudi. Ikakimbilia delta ya Rufiji.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoona kioja chake kikubwa cha meli kwenye maji membamba. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115. Iliingia kwenye matawi ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko. Septemba 20 ilitoka usiku, ikaizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, ikarudi kujificha. Waingereza hawakuweza kuifuata kwa manowari zao kubwa, maji hayakutosha. Novemba walizamisha meli ya makaa ya mawe, Newbridge, kwenye tawi mojawapo ili kuziba njia. Mwishowe wakaleta meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zikapanda mtoni huku ndege zikizielekeza pa kulenga. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikafikia mwisho wake, mabaharia wake wenyewe wakaizamisha.

Lakini mizinga yake 10, ya milimita 105, waliing'oa na kuitoa kwenye matope. Ikatawanywa nchi nzima kwa kuvutwa na watu. Mmoja ukapelekwa Kigoma kufungwa juu ya Graf von Goetzen. Njia ya Kigoma ni moja tu. Mzinga ule ulipanda reli, ukapita Kintinku, Saranda, Manyoni, Itigi.

Yaani maji ya kusini mwa Manyoni yanashuka kwa Kisigo na Ruaha mpaka kwenye delta ile ya Rufiji, na kutoka delta ile ile chuma cha meli kilipanda mpaka Manyoni. Kwa maji tunapeleka, kwa reli tuliletewa. Na tulicholetewa hakikushuka hapa, kilipita tu.

Kilichobaki hapa ni kitu kingine. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua wanaume kuwa wapagazi, yakachukua ng'ombe na nafaka. Mvua zilipokosekana, Ugogo yote, pamoja na Wagogo wa Manyoni, ikaingia kwenye njaa ya 1918 hadi 1920 ambayo wazee waliiita Mtunya. Huwezi kuisimulia meli ile kama kichekesho cha kiufundi tu, eti masanduku 5,000, ajabu iliyoje, ukauacha upande huo.

Jina la gavana, jina la Liti

Meli yenyewe iliishi maisha marefu kuliko dola iliyoileta. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, wale wale mafundi wa Papenburg walipaka injini grisi nene na kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakitumaini kuirudia. Hawakuirudia. Waingereza waliiibua 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Imebeba dagaa, mahindi, saruji, maharusi na wafanyabiashara kwa vizazi. Mei 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Baadaye ilisimama kwa ajili ya ukarabati mkubwa.

Nafurahi ilibadilishwa jina. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni kuanzia 1901 hadi 1906. Ni katika utawala wake ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza, Julai 1905, na jeshi lake likajibu kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua zaidi ya risasi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Watu walioamini maji yangewakinga waliuawa, halafu jina la gavana wao likaandikwa kwenye meli ya kuelea juu ya maji. Na meli hiyo ikapitishwa kwenye nchi yao juu ya reli iliyolipiwa kwa jasho lao.

Singida tuna jina la kuweka upande wa pili wa mizani. Simulizi zetu zinamkumbuka Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na inasemekana aliwatumia nyuki kama askari wake. Uwanja wa mpira wa Singida mjini leo unaitwa Liti. Vijana wanakwenda kuangalia Ligi Kuu pale, wengine hawajui ni nani. Lakini jina linatamkwa kila wiki, na hilo si dogo. Jina la Götzen halitamkwi Kigoma isipokuwa na watalii.

Kupita na kusimama

Ningependa kukuambia kwamba mambo haya yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu jiografia haijabadilika. Meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa Ziwa Victoria Februari 2023. Imejengwa pale pale Mwanza, kwa sababu hakuna njia nyingine: chuma kinavuka bahari, kinapanda bara kwa vipande, kinakuwa meli kikishafika. Ndivyo ilivyokuwa kwa MV Victoria pia, iliyotoka Glasgow, ikapita Mombasa na reli ya Kenya hadi Kisumu, ikaanza kazi 1961.

Na kama unataka kutazama mzigo mkubwa ukipita pembamba bila kwenda Dar, nenda Iramba, mlima Sekenke, kwenye barabara kuu ya kwenda Mwanza. Siku ya bahati utakuta lori limebeba mtambo mpana kuliko njia yake, gari la mbele lina taa na bendera, askari wanasimamisha mabasi, utingo anatembea kwa miguu pembeni akipiga kelele, "Njoo, njoo, kushoto, tulia." Ni rubani huyo. Hana kofia wala mshahara wa rubani, lakini kazi ni ile ile. Na ukimuuliza dereva anakwenda wapi, atakutajia Mwanza, Kagera, Rwanda. Huwa hataji Singida.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa historia hii. Mkoa wetu umepitiwa na karibu kila kitu kikubwa: misafara ya pembe, mashua, meli, mizinga, sasa malori. Kupitiwa kunaleta riziki fulani. Kuku wa Singida, asali ya Manyoni na vitunguu vinauzika kwa sababu watu wanasimama dakika 20 kununua. Lakini kupitiwa si kufikiwa. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kuelekea Singida hadi Kinyangiri. Miaka ya 1940 wakaling'oa. Vyuma vile vile vilivyoletwa vikachukuliwa. Ilibidi tungoje mpaka baada ya uhuru kuwa na tawi tena.

Leo reli ya kisasa, yenye upana wa mita 1.435, inapita Manyoni. Kipande cha kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, ndani ya mkoa wetu, na kinachofuata kinaelekea Tabora. Treni za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Watu wa Manyoni wananiuliza maswali ya kawaida kabisa: mizigo itashushwa hapa? Alizeti yetu itapandia wapi? Ghala litakuwa la nani? Ni swali la yule mzee wa asali, limegeuzwa tu. Yeye aliuliza nani alikuwa anashusha. Wao wanauliza kama kuna kitakachoshushwa.

Wakati tunasubiri jibu hilo, kuna jambo dogo linalowezekana bila bajeti kubwa. Dar es Salaam kuna sanamu ya askari katikati ya mji. Kigoma wanaonyesha Liemba. Stesheni ya Manyoni hakuna hata kibao. Ningependa kuona kimoja, cha bati tu, kwa Kiswahili, kinachosema kwamba mwaka 1914 meli yenye upana wa mita 10 ilipita hapa ikiwa ndani ya masanduku 5,000, na kwamba waliojenga njia yake walikuwa watu wa nchi hii. Chini yake iachwe nafasi. Ziko familia Kintinku, Saranda, Manyoni na Itigi ambazo babu zao walikuwa gengi, au walibeba mizigo ya vita, na bado zinayajua majina. Wazee wanaoyajua wanapungua kila masika. Mwenye simu ya kurekodi aanze na nyumba ya jirani yake, kabla ya kujaza lile bati.